Mlinzi wa Mlango: Mafundisho juu ya Chembe Inayokataa Kufa



Mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua ya kwanza haijanyesha, mwaona jinsi miti ya msituni inavyopukutisha majani yake. Hakuna mtu aliyeitikisa, wala hakuna upepo mkali uliovuma. Jani limemaliza kazi yake, limeulisha mti, kisha linaachilia tawi na kuanguka chini. Na baada ya siku chache chipukizi jekundu latokea mahali pale pale. Mtoto mdogo akiona hayo aweza kudhani kwamba mti umekufa. Lakini mzee anajua: mti ulio hai ndio unaoangusha majani. Tawi lililovunjika, majani yake hunyauka na kubaki yameshikamana nalo, kwa maana halina tena uhai wa kuyaachilia.

Leo nataka kuwafundisha juu ya majani yanayoanguka ndani ya miili yenu wenyewe, na juu ya mlinzi mdogo aliyewekwa humo na Muumba ili kila jani lianguke kwa saa yake. Lakini kwanza sikilizeni habari ya mtu mmoja, kwa maana yeye ndiye aliyenifanya niandike maneno haya.

1. Mtu mwenye uvimbe

Katika kijiji kimoja cha misioni yetu palikuwa na mkulima, baba wa watoto wanne, aliyekuwa katika mwaka wa mwisho wa ukatekumeni. Alizijua sala, alifika kwenye mafundisho bila kukosa, na jina lake la Ubatizo alikuwa amekwisha kulichagua. Uvimbe mdogo ukatokea shingoni pake, chini ya sikio. Haukumwuma, naye akaudharau. Mwaka ukapita, uvimbe ukakua, na mwingine ukatokea kwapani.

Jamaa zake wakaanza kunong'ona. Usiku mmoja, bila kumwambia katekista, wakamwita mpiga ramli kutoka mbali, naye akasema yale wanayosema wapiga ramli siku zote: kwamba adui yumo ndani ya ukoo. Akamtaja shangazi wa mgonjwa, mjane asiye na mtoto, yule yule aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga. Vijana wakaichoma nyumba ya mama huyo. Akavuka mto na sufuria moja na blanketi.

Na mkatekumeni wetu? Yeye hakushika kijinga cha moto. Alisimama mlangoni pake, akautazama moto, akanyamaza.

Baada ya miezi kadhaa hakuweza tena kugeuza shingo vizuri, akaenda hospitali ya mjini. Daktari alikata kipande kidogo cha uvimbe, nacho kikatazamwa kwa mikroskopi, yaani chombo kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho. Akamwambia: hii ni saratani ya tezi, ugonjwa ambao wengi huuita kansa. Ndipo mtu yule alipokuja kwangu, akaketi, akaniuliza: "Baba Padri, mpiga ramli alisema ni shangazi. Daktari amesema ni ugonjwa. Nimsadiki nani? Na ikiwa daktari amesema kweli, basi mimi nimefanya nini?"

Maswali hayo mawili ndiyo ninayotaka kuyajibu mbele yenu ninyi nyote.

2. Kifo kinachotumikia uhai

Mwili wa mtu si kitu kimoja kama jiwe. Umejengwa kwa chembe hai, ndogo mno, ambazo madaktari huziita seli. Katika mtu mzima hesabu yake yapita milioni kumi mara milioni. Kila chembe huzaliwa, hufanya kazi yake, na hufa. Kila siku mabilioni ya chembe hufa ndani ya mwili wenye afya, nasi hatusikii maumivu yoyote, kwa sababu nyingine huzaliwa na kushika nafasi zake.

Nyosheni mkono wa kuume, mtazame vidole vyenu. Mlipokuwa tumboni mwa mama zenu, katika juma la sita hivi, mkono huo ulikuwa bapa kama kafi ya mtumbwi, na vidole vilikuwa havijaachana. Kisha chembe zilizokuwa kati ya kidole na kidole zikafa, kila moja mahali pake na kwa wakati wake, na vidole vikapata kutengana. Bila vifo vile vidogo, mngelishikaje jembe? Tazameni pia kiluwiluwi cha kidimbwini. Anapogeuka kuwa chura, mkia wake haukatwi na mtu, wala hauozi. Chembe zake zakufa kwa utaratibu, na mwili unautumia mkia huo kama akiba.

Mwaka 1972 wataalamu watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, waliandika juu ya kifo cha namna hiyo. Wakakipa jina la Kigiriki, apoptosisi, neno linalokumbusha majani yanayopukutika kutoka mtini. Walionyesha kwamba kuna namna mbili za kufa kwa chembe. Chembe iliyounguzwa au iliyopondwa huvimba, hupasuka, humwaga vilivyomo ndani yake, na pale huja uvimbe na maumivu. Lakini chembe inayokufa kwa saa yake hujikunja, hujigawa katika vifurushi vidogo, na chembe za jirani huvimeza na kuvitumia tena. Haiachi uchafu, wala haiwasumbui wenzake. Ni kama mzee mwenye hekima ambaye kabla ya kufa amelipa madeni yake, amegawa urithi, amepatanisha watoto. Akiondoka, nyumba yake yabaki na amani.

Wataalamu wengine walichunguza mnyoo mdogo sana wa udongoni, ambaye urefu wake ni milimita moja tu. Walihesabu chembe zake moja moja, tangu yai hadi utu uzima. Wakaona kwamba mwili wake hufanya chembe 1090, na kati ya hizo 131 hufa daima, zile zile, kwa saa ile ile, hata zikabaki 959. Kwa kazi hiyo Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Fikirini, ndugu zangu: hata kwa mnyoo ambaye mguu wenu unamkanyaga bila kujua, kila chembe ina saa yake. Bwana wetu alipotufundisha kwamba Baba wa mbinguni amezihesabu hata nywele za vichwa vyetu, hakusema maneno ya bure.

3. Mlinzi aliyewekwa mlangoni

Sasa mtauliza: ni nani anayeiambia chembe, "Saa yako haijafika," au, "Saa yako imefika"?

Ndani ya kila chembe mna maagizo ya urithi tuliyoyapokea kwa baba na mama. Yamefungwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu, jozi 23 kwa kila mtu, na kila agizo moja huitwa jeni. Katika kromosomu ya 18 mna jeni iitwayo BCL2. Kazi yake ni kutengeneza protini, nayo protini hiyo ni mlinzi wa mlango.

Nitawaeleza kwa mfano. Ndani ya kila chembe mna majiko madogo yanayoipa nguvu; wataalamu huyaita mitokondria. Ndani ya jiko hukaa kitu ambacho kikibaki mahali pake husaidia kazi ya kutoa nguvu, lakini kikimwagika nje huamsha visu vilivyolala, na visu hivyo huikatakata chembe yote. Kuna protini mbili, BAX na BAK, ambazo zaweza kuutoboa ukuta wa jiko ili kitu hicho kitoke. Mlinzi BCL2 hukaa kwenye ukuta ule, naye huwashika wale wawili mikono wasitoboe. Chembe ikiharibika, au kazi yake ikiisha, wajumbe hufika kwa mlinzi na kumkamata. Ndipo anapoachilia, ukuta unatobolewa, na chembe inakufa kwa amani.

Mlinzi huyu ni wa lazima. Mwaka 1993 wataalamu waliwachunguza panya waliozaliwa bila jeni hiyo. Panya hao walizaliwa wazima, lakini baadaye chembe zao nyeupe za damu zikafa kwa wingi, mafigo yao yakaharibika, na manyoya yao yakageuka mvi kabla ya wakati. Mlango uliofunguliwa upesi mno ni hasara. Basi msiseme kwamba kifo ni chema kwa sababu ni kifo. Chema ni kuja kwa saa iliyowekwa, wala si kabla, wala si baada.

4. Mlinzi anapohama nyumba yake

Sasa sikilizeni jinsi ugonjwa wa mtu yule unavyoanza mara nyingi.

Kati ya chembe nyeupe za damu kuna zile zinazotengeneza silaha dhidi ya magonjwa. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Ili kutengeneza silaha mpya kwa kila adui, chembe hiyo hukata vipande vya jeni zake na kuviunganisha upya, kama fundi anayekata mbao. Mara chache sana, katika kukata na kuunga, fundi hukosea. Kipande cha kromosomu ya 18 chenye BCL2 huungwa na kromosomu ya 14, karibu kabisa na jeni ya silaha. Na jeni hiyo ya silaha, katika chembe za namna hii, hufanya kazi usiku na mchana. Basi BCL2, aliyehamia kwa jirani asiyelala, naye halali tena. Walinzi wanatengenezwa kwa wingi kupita kiasi. Wajumbe wanafika mlangoni, lakini kila mmoja akimkamata mlinzi, walinzi kumi wengine wamesimama nyuma yake. Mlango haufunguki. Chembe iliyopaswa kufa haifi.

Wataalamu wa Philadelphia, nchi ya Marekani, ndio waliogundua kuhama huko katika miaka ya 1984 na 1985. Wakati huo watu walidhani kwamba kila saratani hutoka kwa chembe zinazozaana haraka mno. Lakini mwaka 1988, huko Melbourne, nchi ya Australia, David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams walionyesha jambo jipya: BCL2 haiisukumi chembe izaane; inaizuia isife. Na mwaka 1992 Vaux na wenzake waliiweka jeni hiyo ya binadamu ndani ya yule mnyoo mdogo, na chembe zake nyingine zilizopaswa kufa hazikufa. Mlinzi wa mtu aliweza kulinda hata mlango wa mnyoo.

Mwaona basi ubaya ulivyo. Chembe ile haikuleta sumu. Haikumshambulia mtu. Ilikataa tu kuondoka. Nayo ikazaa nyingine zisizoondoka, nazo nyingine, zikajaza tezi za shingo na kwapa, polepole, bila maumivu, mwaka baada ya mwaka. Na kwa kuwa zimekawia kufa, makosa mengine hupata nafasi ya kuongezeka juu ya lile la kwanza.

Lakini Mungu amewapa watu akili ya kutafuta dawa. Baada ya kujua jinsi wajumbe wanavyomkamata mlinzi, wataalamu walitengeneza dawa inayofanana na mjumbe, iitwayo venetoklaksi. Ilikubaliwa nchini Marekani mwaka 2016 kwa saratani nyingine ya damu, ambayo ndani yake mlinzi huyo huyo amezidi. Dawa hiyo humkamata BCL2, na chembe iliyosahau kufa inaikumbuka saa yake.

5. "Ni nani aliyemroga?"

Narudi kwenye swali la kwanza. Nimsadiki nani?

Kuhama kwa jeni kulikotajwa hutukia katika chembe moja, ndani ya uboho, bila mtu yeyote kujua. Mtu hakuzaliwa nako, wala hakukupata kwa jirani. Wataalamu wamekuta chembe chache za namna hiyo hata katika damu ya watu wengi wenye afya, ambao hawakuugua kamwe. Je, shangazi angeingiaje ndani ya mfupa wa mtoto wa kaka yake, aishike kromosomu ya 14 na ya 18, na kuziunganisha? Si maneno ya midomo, wala si jicho la mjane, wala si dawa iliyofukiwa kizingitini.

Kumbukeni habari ya mtu aliyezaliwa kipofu, ambayo Mtakatifu Yoane ametuandikia. Wanafunzi walipomwona walimwuliza Bwana swali la vijiji vyote: ni nani aliyetenda dhambi, yeye mwenyewe au wazazi wake? Bwana alikataa lote mbili. Hakumtafuta wa kulaumiwa. Alitema mate, akafanya tope, akampaka macho, akamtuma kunawa. Wao walitaka mkosaji. Yeye alitaka mgonjwa apone. Mtu anayemfuata Yezu Kristu, akimwona mgonjwa, asiulize, "Ni nani?" Aulize, "Tumpeleke wapi?"

Nami nawaambia wazi, enyi wazazi. Uvimbe usiouma shingoni, kwapani au kinenani, ukidumu majuma mengi, msiudharau: nendeni zahanati au hospitali. Mtoto akivimba taya, msingoje hata juma moja. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, nchi ya Uganda, alieleza saratani ya taya za watoto, ambayo huwapata hasa watoto wa nchi zetu zenye malaria nyingi. Katika ugonjwa huo jeni inayohama ni nyingine, iitwayo MYC, na chembe huzaana kwa kasi ya kutisha. Lakini kwa sababu hiyo hiyo dawa hushika upesi, na watoto wengi wamepona walipofikishwa mapema. Siku mnazozipoteza kwa mpiga ramli ni siku za uhai wa mtoto wenu.

6. Chembe si mtu

Hapa lazima niwaonye, kwa maana mwenye hila aweza kuugeuza mfano wangu. Atasema: "Padri amefundisha kwamba chembe mbaya ifukuzwe ili mwili uishi. Basi na mtu mbaya afukuzwe ili kijiji kiishi."

Hapana! Chembe haina roho. Haikuumbwa kwa mfano wa Mungu. Chembe ni kwa ajili ya mwili, lakini mtu si kwa ajili ya kijiji tu. Kila mtu ni kwa ajili ya Mungu. Fikra ya kwamba yafaa mtu mmoja apotee ili wengine wakae salama, mnajua ilitoka kinywani mwa nani. Ilitoka kwa Kayafa, kuhani mkuu, alipofanya shauri la kumwua Bwana wetu. Kila mara kijiji kinapomchomea mjane nyumba ili kiwe salama, Kayafa anaketi tena barazani.

Na mgonjwa asijidhuru kwa kukata tamaa, akisema, "Saa yangu imefika." Saa ya chembe imeandikwa ndani ya chembe. Saa ya mtu iko mkononi mwa Mungu.

Mwingine ataniuliza: "Katekisimu yasema kwamba kifo kiliingia kwa dhambi ya Adamu. Iweje chembe zife kwa mapenzi ya Mungu?" Swali ni jema. Kifo kinachotokana na dhambi ni kifo cha mtu: kutengana kwa roho na mwili, na zaidi ya hicho, kutengana kwa roho na Mungu. Kuanguka kwa jani, kufa kwa mbegu udongoni, kutengana kwa vidole tumboni mwa mama, havikuwa kamwe adhabu. Ni kazi ya Muumba anayejenga.

7. Kinachopaswa kufa ndani yetu

Basi ni nini kinachopaswa kufa ndani ya mkatekumeni?

Bwana wetu alitupa mfano wa punje ya ngano: ikikataa kufa ardhini, yabaki peke yake, ikikubali, yaleta mavuno. Na Mtume Paulo aliwafundisha Wakristu wa Roma kwamba anayebatizwa huzikwa pamoja na Kristu ili afufuke pamoja naye. Maji ya Ubatizo si maji ya kuosha uso tu. Ni kaburi la mtu wa kale.

Na mtu wa kale hapendi kufa. Amejiwekea walinzi wengi mlangoni. Neema inafika na kubisha, mlinzi wa kwanza asema, "Ukoo utasema nini?" Neema inabisha tena, wa pili asema, "Mimi sikuwasha moto, niliangalia tu." Neema inabisha mara ya tatu, wa tatu asema, "Nitatubu baada ya Ubatizo." Hivyo dhambi ndogo, isiyouma, inakaa shingoni mwaka baada ya mwaka. Kinyongo hakipigi kelele. Woga haupigi kelele. Kunyamaza hakupigi kelele. Vinakua tu, kwa sababu havikuambiwa kufa siku ya kwanza.

Tofauti ni hii: chembe haina akili, haina hatia. Sisi tuna akili, na mlango wa moyo wetu hufunguliwa kutoka ndani.

Mtu yule aliponiuliza, "Mimi nimefanya nini?" sikumjibu. Nilimwambia tu, "Wewe wajua." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nitavuka mto."

Akaenda pamoja na katekista. Walimkuta shangazi akimenya muhogo mbele ya kibanda cha watu wengine. Akapiga magoti mbele ya watu, jambo ambalo mwanamume wa kijiji chake halifanyi kwa urahisi, akasema: "Shangazi, niliona moto nikanyamaza. Ugonjwa wangu haukutoka kwako. Nisamehe." Mama yule hakujibu. Aliendelea kumenya muhogo. Mwisho akasema: "Nilikubeba mgongoni, mwanangu. Ningewezaje kukula?" Akalia. Kisha akamwuliza, "Shingo inakuuma?"

Alirudi kijijini kabla ya Kwaresima kwisha. Vijana walioichoma nyumba yake waliamriwa na wazee kukata miti na nyasi, nao wakamjengea nyingine. Baadhi yao walifanya kazi wakiinamisha macho. Usiku wa Paska mkatekumeni wetu alibatizwa, na shangazi yake, ambaye si Mkristu, alisimama nyuma ya kanisa, karibu na mlango.

Msidhani kwamba uvimbe ulitoweka siku ile. Anakwenda hospitali mpaka sasa, na dawa zimeupunguza. Daktari amemwambia kwamba ugonjwa wa namna hii waweza kulala miaka kadhaa, kisha uamke tena. Naye anajua hivyo, na anaendelea kulima shamba lake na la shangazi.

Maswali ya kujifunza na katekista

Swali: Kwa nini chembe nyingi za mwili hufa kila siku?
Jibu: Kwa sababu kazi yake imeisha au zimeharibika, nazo huziachia nyingine nafasi, ili mwili wote uishi.

Swali: Jeni ya BCL2 yafanya kazi gani?
Jibu: Yatengeneza mlinzi anayeizuia chembe isife kabla ya saa yake. Mlinzi akizidi, chembe haifi hata saa yake ikifika, na saratani yaweza kutokea.

Swali: Je, ugonjwa huo huletwa na mchawi?
Jibu: Hapana. Huanza kwa kosa la kuunganishwa kwa jeni ndani ya chembe moja.

Swali: Je, yaruhusiwa kumfukuza au kumdhuru mtu aliyesingiziwa uchawi?
Jibu: Hairuhusiwi kamwe. Ni dhambi kubwa. Na anayeona na kunyamaza, huku aweza kumtetea, naye ana hatia.

Swali: Mkatekumeni afe kwa namna gani?
Jibu: Aifie dhambi kwa kutubu, aombe msamaha, alipe alichoharibu, kisha ayaendee maji ya Ubatizo.

Kusudi la juma hili: Kila mmoja atafute moyoni mwake jambo moja lililopaswa kufa zamani. Ikiwa kuna mtu aliyeondoka kijijini kwa sababu yako, au kwa sababu ya kunyamaza kwako, usingoje Paska. Mtumbwi upo.

Tusali: Ee Mungu Baba, uliyeiwekea saa kila chembe ya miili yetu, utupe moyo wa kuachilia kila kisicho chako. Uwaponye wagonjwa wetu, uwarudishe nyumbani waliofukuzwa, na utufikishe sote katika uzima usio na mwisho. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.